Panya na Gari Lililosimama

Adui wa gari ni wengi, na wengi wao wanajulikana. Yako maji ya mafuriko, iko kutu, yako mashimo ya barabarani, yuko mwizi wa vioo vya pembeni, na yuko dereva mwenye haraka. Juu ya hawa wote watu husema kila siku, na sheria zimetungwa. Lakini yuko adui mmoja asiyetajwa mpaka amekwisha tenda lake, naye hana uzito hata wa kilo moja. Adui huyo ni panya. Nataka kumsema hapa, wala si kwa chuki, kwani sina chuki naye kuliko mkulima yeyote wa mahindi. Namsema kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi alivyokaribia kuwatia hatarini wanafunzi zaidi ya 40, naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Kwanza tumtazame mwenyewe. Panya ni wa kabila la wanyama waitwao wagugunaji, na jina hilo wamepewa kwa haki. Meno yake manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayakomi kukua tangu azaliwe mpaka afe. Upande wa mbele meno hayo yamevikwa ganda gumu. Upande wa nyuma ni laini zaidi. Kwa hiyo yanapofanya kazi, upande wa nyuma hulika upesi kuliko wa mbele, na ncha hubaki kali kama patasi inayojinoa yenyewe. Mnyama mwenye meno ya namna hii hawezi kukaa bure. Huguguna chakula, na asipokuwa na chakula huguguna mbao, sabuni, mabomba ya plastiki, hata risasi. Waya wa motokaa ni mwembamba kiasi cha kumtosha kinywani, una ganda lisilo gumu wala teketeke, nao umepita palepale anapotaka kupita yeye. Wazee walisema panya huuma akipuliza, ili aliyelala asisikie maumivu. Mwenye gari naye hasikii kitu mpaka siku ya kugeuza ufunguo.

Siku hizi utasikia mafundi wakisema kwamba kosa si la panya, ni la viwanda. Ati maganda ya nyaya za motokaa mpya hutengenezwa kwa soya, na panya huyala kama tulavyo sisi maharagwe. Maneno haya yamesafiri mbali. Huko Marekani wako wenye motokaa waliowapeleka watengenezaji mahakamani kwa hoja hiyo. Mimi siyategemei sana, kwa sababu historia inayapinga.

Mwezi wa Novemba mwaka 1942, katika vita vikuu vya pili vya dunia, divisheni ya 22 ya vifaru vya Ujerumani ilikuwa imewekwa nyuma ya mstari wa mapigano karibu na mto Don, upande wa magharibi wa mji wa Stalingrad. Mafuta yalikuwa haba, basi vifaru havikuwashwa mara kwa mara. Vilifichwa mashimoni na kufunikwa majani makavu, ili baridi isiviharibu na ndege za adui zisivione. Panya wa mashambani waliyafuata majani yale, na kutoka katika majani wakaingia ndani ya vifaru, wakayaguguna maganda ya nyaya. Tarehe 19 Novemba Warusi waliposhambulia, na amri ya kuondoka ikatoka, vifaru vingi vilikataa kuwaka, na vingine vilikwama njiani kwa sababu nyaya zilizokuwa uchi ziligusana. Jeshi lililotisha nusu ya Ulaya lilipunguziwa nguvu na viumbe ambao paka mmoja angewatawanya.

Nyaya za mwaka 1942 hazikuwa za soya. Panya waliitwa na majani makavu, giza, na utulivu wa majuma mengi. Hili ndilo neno nililotaka kulisema tangu mwanzo: mbele ya panya, gari lisilokwenda si gari, bali ni nyumba. Lina paa la chuma, lina vyumba vingi na milango midogo, mvua haiingii, mwewe hafiki, na mwenyewe hayumo. Aliye na nyumba nzuri karibu na chakula hahitaji kushawishiwa na soya.

Naweza kuongeza mfano mmoja tu wa ugenini kabla ya kurudi kwetu. Katika bonde la Mineral King, ndani ya mbuga ya Sequoia jimboni California, yuko mnyama wa jamii ya kindi, mnene kama paka aliyeshiba, aitwaye marmoti. Wakati wa majira ya kuchipua, mnyama huyu huingia chini ya motokaa za wageni wanaopanda milima, akaguguna mipira ya redieta na nyaya. Wageni wenye busara hulitandika turubai ardhini, wakaendesha gari juu yake, kisha wakalikunja juu pande zote na kulifunga kwa kamba, na gari likabaki limefungwa kama mtoto mgongoni. Ukiliona jambo hilo utacheka. Wenyeji hawacheki, maana msaada wa fundi uko mbali sana na bonde lile.

Sasa nije nyumbani. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya bweni huku Trans Nzoia. Nchi yetu ni nchi ya mahindi; mwezi wa Novemba ukisimama juu ya kilima utayaona magunia uwanjani mwa kila boma. Palipo na mahindi mengi pana panya wengi. Yuko panya wa nyumba, mweusi-mweusi, mwenye mkia mrefu, hodari wa kupanda kuta na miti. Yuko na panya wa shamba, mwenye chuchu nyingi kuliko mnyama karibu wote ujuao, hata kufikia 24. Huyu wa shamba hubeba mimba majuma matatu tu, na mara nyingi huzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Mvua ikiwa njema na majani yakawa mengi, idadi yao hupanda kwa kasi ambayo mwanafunzi anaweza kuipigia hesabu, lakini hataamini jibu lake.

Tarehe 15 Machi mwaka 2020 Rais alitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa ajili ya maradhi ya korona, na shule za bweni zikapewa mpaka tarehe 18. Wanafunzi wetu waliondoka kwa haraka kama watu waliosikia mbiu ya moto. Basi la shule, la rangi ya manjano kama sheria itakavyo, liliwafikisha wengine makwao, likarudi, likaoshwa, likasimamishwa nyuma ya jiko, ubavuni mwa ghala, chini ya mjakaranda. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pana kivuli. Ndani ya ghala mlikuwa na mahindi na maharagwe ya muhula mzima, maana chakula kilikuwa kimekwisha nunuliwa na walaji wameondoka.

Majuma ya kwanza dereva wetu, mzee mpole anayekaa ng'ambo ya mto Nzoia, alikuwa akija kila Ijumaa kuliwasha basi na kulizungusha uwanjani. Baadaye usafiri ulikuwa mgumu, na fedha za kumlipa zikakatika, akaacha kuja. Nyasi zikapanda mpaka katikati ya magurudumu. Majani ya mjakaranda yakajaa juu ya paa. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu wachache waliobaki katika nyumba za shule, na usiku nilipotoka kutazama mlango wangu nilisikia vishindo vidogo upande ule, kama vya mtu anayekunakuna gunia kwa ukucha.

Lazima uelewe, msomaji, hali ya panya wa shule wakati ule. Kwa miaka mingi walikuwa wakiishi kwa makombo ya ugali yaliyomwagwa nyuma ya jiko mara tatu kwa siku. Ghafula makombo yakakoma. Jambo hili lilitokea katika miji mingi ya dunia. Huko Marekani idara ya serikali ya kuzuia magonjwa ilitoa onyo mwezi wa Mei mwaka uleule, kwamba panya wa mijini waliokosa makombo ya mikahawa watatangatanga na kuwa wakali. Wa kwetu hawakuhitaji kutangatanga. Ghala lilikuwa hatua sita kutoka katika basi, na chini ya mlango wake palikuwa na pengo la kupitisha vidole viwili. Panya mkubwa hupita katika tundu la milimita 12 au zaidi kidogo. Panya mdogo wa nyumbani hupita hata katika tundu la milimita 6, lenye upana wa kalamu ya risasi. Kichwa kikipita, mwili hufuata. Basi walikula ghalani na kulala ndani ya basi, na kati ya hapo na pale palikuwa na nyasi ndefu za kuwaficha.

Ilipotangazwa kwamba watahiniwa wa kidato cha nne warudi tarehe 12 Oktoba, basi likakumbukwa. Akaitwa fundi kijana kutoka mjini Kitale. Alipofungua boneti alirudi nyuma hatua moja, akacheka, kisha akaacha kucheka. Juu ya injini palikuwa na kiota kikubwa kama kofia ya askari, kimesukwa kwa maganda ya mahindi, sufu za sweta za shule, sponji ya viti, na karatasi. Kipande kimoja cha karatasi kilisomeka bado: hesabu ya pembetatu, na chini yake alama ya kukosa kwa kalamu yangu nyekundu. Niliutambua mwandiko wa mwanafunzi yule. Sikumwambia kamwe kazi yake ilifika wapi.

Nyaya zilikuwa zimeliwa mahali pengi. Nyingine zilikatika kabisa, na hizo ndizo nafuu, kwa sababu waya uliokatika hujulikana. Waya wa kuogopwa ni ule uliovuliwa ganda tu. Gari likitikisika, waya huo hugusa chuma, cheche ikaruka. Na cheche ikiruka katika kiota cha maganda makavu kilicho juu ya injini ya moto, mwisho wake waujua. Fundi alifanya kazi siku mbili. Alibadili nyaya, akazifunga upya, akaondoa kiota, akaweka betri mpya. Siku ya pili jioni akageuza ufunguo na injini ikanguruma. Sisi tuliosimama pale tulipiga makofi.

Mwalimu Mkuu alitaka basi liondoke alfajiri ya siku iliyofuata. Wanafunzi wa upande wa Ortum, zaidi ya 40, walikuwa wakingojewa, na wazazi wao walikuwa wamekwisha piga simu mara nyingi. Barabara ya kwenda huko hupita Kapenguria, kisha huingia katika milima ya Kamatira, ambapo gari kubwa halisamehewi kosa. Dereva alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Hakuwa amepiga makofi.

"Mwalimu," alisema, "injini imeniambia kwamba gari litakwenda. Haiwezi kuniambia kama litasimama."

"Mzee, si umekwisha jaribu breki hapa uwanjani?"

"Nimejaribu, Mwalimu. Uwanja huu ni tambarare. Nipe kutwa ya kesho, nilale chini yake nitazame."

Yalikuwako maneno. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyeandamwa na simu. Mzee hakupandisha sauti, ila hakuchukua ufunguo. Mwishowe wazazi wakaarifiwa kwamba basi limechelewa siku moja, na baadhi yao hawakulipokea neno hilo kwa upole.

Asubuhi alitandika gunia, akaingia chini ya basi na tochi, na fundi kijana akamfuata. Walikaa huko muda wa saa nzima, tukisikia tu sauti zao. Kisha mzee akaniita niiname nitazame. Karibu na gurudumu la nyuma la kulia, mpira wa breki ulikuwa umegugunwa upande wa juu, ule usioonekana na mtu aliyesimama wala aliyechuchumaa. Pale palipoliwa, unene uliobaki haukuzidi ule wa ganda la ndizi. Ukikanyaga breki polepole uwanjani, mpira ule ulivumilia. Ukikanyaga kwa nguvu mteremkoni, basi likiwa na watu na mizigo, ungepasuka, na mafuta ya breki yangemwagika barabarani. Fundi kijana aliutazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akamwambia, "Mzee, asante." Hapana mtu aliyemlaumu kijana yule, alikuwa ameitwa kutengeneza nyaya, na nyaya alizitengeneza vizuri.

Naamini kwamba hapa ndipo watu wengi wanapokosea katika jambo la panya na magari. Hutazama mahali gari linapogoma, wakasahau mahali linaponyamaza. Gari lililokaa majuma bila kwenda likaguliwe chini na juu kabla ya kupewa watu: mipira ya breki, mipira ya mafuta, mikanda ya usalama ndani, kichujio cha hewa, na bomba za kuleta hewa kwa abiria. Taa na honi zijaribiwe moja moja. Kazi hii haihitaji ufundi mkubwa. Yahitaji tochi, gunia, na mtu asiyeona haya kuchafua shati lake.

Baada ya hapo likaja shauri la namna ya kuwazuia wasirudi. Askari wetu wa usiku alikuwa na dawa yake tayari: pakiti ya sumu aliyoinunua sokoni, isiyo na jina wala maandishi. Mpishi alimzuia, tena kwa maneno makali, kwa sababu ghala lile ni la chakula cha watoto. Nami nilikuwa upande wa mpishi. Sumu nyingi za panya zinazouzwa siku hizi huzuia damu isigande. Panya akiila hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akidhoofika, akitembea mchana polepole kama mlevi. Katika siku hizo huliwa na paka, au mbwa, au bundi, na sumu humhamia mlaji. Na akifa bila kuliwa, mara nyingi hufia palepale alipopazoea, ndani ya bomba la hewa ya gari, na harufu yake husafiri na abiria kwa majuma mawili. Sumu isiyo na jina ni mbaya zaidi, maana mtoto akiigusa, hata daktari hajui atibu nini.

Nimemtaja bundi, na sina budi kueleza. Juu ya mnara wa tangi la maji la shule hukaa bundi wawili, wenye nyuso nyeupe za umbo la moyo. Watu wengi wa kwetu humchukia bundi. Husema akilia juu ya nyumba, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Askari wetu alikuwa akiwatupia mawe kila jioni, na kila asubuhi akilalamika kwamba panya wamezidi. Nilimwambia kwamba ndege anayemfukuza ndiye askari mwenziwe wa zamu ya usiku, wala hadai mshahara. Alinijibu, "Mwalimu, wewe umesoma, lakini bundi ni bundi." Tukaliacha hapo kwa siku ile.

Mitego ndiyo iliyofanya kazi, na aliyeifahamu vizuri alikuwa dereva. Panya wa nyumba ana tabia mbili zinazomponza. Ya kwanza, hapendi kupita katikati ya uwanja. Hufuata ukuta, ubavu wake ukigusa, kama mtu anayetembea gizani na mkono ukutani. Ya pili, huogopa kitu kipya. Ukiweka mtego leo na kuutega leo, huenda asiukaribie kwa siku nyingi. Basi mzee aliweka mitego ya mbao kandokando ya ukuta wa ghala na nyuma ya magurudumu, akaipaka karanga zilizosagwa, bila kuitega. Usiku wa kwanza karanga hazikuguswa. Usiku wa tatu ziliguswa. Usiku wa nne zililambwa zote. Usiku wa tano akaitega, na asubuhi tukahesabu 11. Kila siku mitego ilikaguliwa alfajiri kabla ya kuku wa mpishi kutoka.

Lakini mitego peke yake ni kama kufuta maji sakafuni bila kufunga bomba. Tuliziba pengo la mlango wa ghala kwa bati. Tukayainua magunia juu ya mbao, mbali kidogo na kuta, ili tuweze kuona nyuma yake. Tukafyeka nyasi. Na basi likahamishwa kutoka chini ya mjakaranda mpaka uwanja wa kokoto mbele ya ofisi, ambapo jua huliunguza na rangi yake inafifia. Wako waliolalamika juu ya rangi. Mimi naona afadhali basi lililopauka kuliko lililopangishwa. Matundu ya kuingizia hewa yamewekewa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Fundi ndiye aliyeonyesha mahali pa kuufunga, kwa sababu wavu uliowekwa ovyo unaweza kuizuia injini kuvuta hewa au kuanguka katika feni.

Utauliza juu ya dawa za harufu. Nimeona watu wakitia vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, pilipili, vitunguu saumu, mafuta ya mnanaa, hata manyoya ya paka. Baadhi yake humkera panya siku chache. Kisha harufu hupotea kwa joto la injini, au panya huizoea, kama sisi tunavyozoea harufu ya choo cha jirani. Vyombo vya kutoa mlio usiosikika na watu navyo vina kasoro hiyohiyo, yaani panya huzoea. Ulio afadhali ni utepe uliotiwa ukali wa pilipili, ambao kampuni ya Honda huuza kwa kuzungushia nyaya. Huo angalau hukaa palepale meno yanapotaka kufika. Paka ni mzuri, lakini paka aliyeshiba jikoni ni mzuri wa kutazama tu.

Gari linalotembea kila siku lina habari tofauti kidogo, nami nisiiache. Mwenzangu anayefundisha baiolojia ana motokaa ndogo, naye huiendesha asubuhi na jioni. Hata hivyo aliwahi kukuta gunzi la mahindi juu ya betri yake. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa blanketi mbili. Motokaa ikirudi jioni, injini hubaki na joto kwa saa kadhaa, na panya huja kuota moto kama wazee. Huyu haji kujenga, huja kukaa baraza. Lakini akiwa barazani meno hayatulii. Siku hizi mwenzangu huiacha boneti wazi usiku, ili joto litoke upesi na giza lipungue. Dawa hiyo ni ya mtu mwenye lango na askari. Mwenye kulaza gari kando ya barabara akiiiga, asubuhi hataikuta betri.

Na kiota kikipatikana, kisitolewe kwa mikono mitupu. Mkojo wa panya huchukua maradhi. Jirani zetu wa Bungoma walipatwa mwaka 2004 na mlipuko wa ugonjwa wa leptospirosi, ambao huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa wa mbele. Milango ya gari ifunguliwe kwanza hewa ipite, kiota na vinyesi vilowanishwe kwa maji yenye dawa ya kuulia viini, glovu zivaliwe, takataka zifungwe katika mfuko na kuzikwa au kuchomwa. Kufagia pakavu ni kulipeleka vumbi puani mwako mwenyewe.

Wanafunzi wote waliporudi mwezi wa Januari mwaka 2021, basi letu lilikuwa likienda na kurudi bila tatizo. Sasa hata wakati wa likizo haliruhusiwi kulala zaidi ya siku nne bila kuwashwa na kusogezwa, na daftari la kazi hiyo limetundikwa kwa msumari katika ofisi ya mlinzi. Mzee amekwisha staafu. Kijana aliyempokea alifundishwa naye kwa mwezi mzima, na somo la kwanza lilikuwa namna ya kutandika gunia.

Askari wetu hatupi mawe tena. Hapendi bundi, na wakilia hutema mate chini, ila amekubali kwamba tangu nyasi zifyekwe ndege wale huwinda uwanjani mbele ya macho yake. Mwalimu wa baiolojia huwapeleka wanafunzi chini ya mnara wa tangi kuokota madonge makavu ambayo bundi huyatapika, ya manyoya na mifupa. Huyachambua kwa vibanio juu ya karatasi nyeupe na kupanga mataya safu kwa safu. Juma lililopita askari alikuja dirishani kutazama. Alihesabu mataya kwa kidole, akauliza kama yote hayo ni ya usiku mmoja, na alipoambiwa kwamba donge moja lina mifupa ya panya watatu au wanne, akaomba aonyeshwe donge lingine.